"Fridge" Ina D, na Sijalala

Imetokea tena wiki hii. Mteja wangu mwenye duka la vyombo vya umeme kanirudishia prufu, yaani nakala ya kukagua kabla ya kuchapwa, ya bango lake la Kiingereza, ile "d" ya "fridge" kaizungushia wino mwekundu. Pembeni kaandika: "Dada, refrigerator haina d. Umelala?"

Sijalala. Nimechoka tu na hii imani kwamba kifupi cha neno la Kiingereza lazima kiwe kipande kilichomegwa kwenye neno refu, herufi kwa herufi. Si kweli. Kifupi kikishazoeleka huwa neno kamili, na tahajia yake hupangwa ili msomaji alitamke sawasawa. Andika "frig" uone: Mwingereza ataisoma kwa g ya "big", tena atacheka, maana amekutana na tusi. Ndiyo sababu likavishwa mkia wa "bridge". "Bicycle" nayo ukiikata kwa kisu inabaki "bic", ambayo kwetu ni kalamu. Wakaandika "bike", na hiyo k sijaona mtu akiizungushia wino.

Ila ikifika "mike" ya microphone, washereheshaji wanakuja juu: "Mike ni jina la mtu!" Ni jina la mtu, sawa. Ndicho pia kifupi cha zamani, kilikuwa kikichapishwa tangu miaka ya 1920, redio zikiwa bado changa. "Mic" imeshika baadaye sana. Leo imeenea kila mahali, na kamusi ya Merriam-Webster inazo zote mbili. Mimi naing'ang'ania "mike" kwa sababu ya kitenzi: "miked" inasomeka, "miced" inaleta panya, na "mic'd" ina ritifaa iliyopotea njia.

"Till" si "until" iliyokatwa kichwa; till ndiyo kubwa kwa umri, kwa hiyo niondoleeni ritifaa mnayoiweka pale mbele, "'till". "Maths" ni ya Uingereza, "math" ya Marekani. "Dr" Waingereza huiacha bila nukta, Wamarekani huiweka. Chagua upande mmoja ubaki nao hadi ukurasa wa mwisho.

Na wale wanaosema "OK" ni uvivu, eti sahihi ni "okay": OK ilichapishwa gazetini Boston mwaka 1839, kwa mzaha, ikiwa herufi za mwanzo za "oll korrect", yaani "all correct" iliyokosewa makusudi. "Okay" ndiyo iliyofuata.

Bango limekwenda kuchapwa na d yake. Ankara nimetuma leo.