Mashine ya fotokopi inapogoma mtandaoni: jua kwanza ni njia ipi iliyoziba

Mashine ya ofisi ikianza kutoa hitilafu za mtandao, siangalii kwanza namba ya hitilafu iliyo kwenye skrini. Nauliza: kilichokufa ni kuprinti, ni kuskani, au vyote viwili? Kuprinti ni kompyuta kuipelekea mashine kazi. Kuskani kwenye folda au barua pepe ni kinyume chake: mashine ndiyo inayotoka kwenda kubisha hodi kwa kompyuta au seva. Ni njia mbili, na kila moja ina vizuizi vyake. Anayekimbilia kuweka upya draiva (programu ya kompyuta inayoongea na mashine wakati wa kuprinti) wakati kilichokufa ni kuskani anapoteza mchana mzima, maana skani haipiti kwenye draiva hiyo hata kidogo.

Vyote viwili vikifa huku kunakili karatasi kukiendelea, tazama waya na anwani. Tundu la waya wa mtandao nyuma ya mashine huwa na taa ndogo. Zikiwa zimezima, hamishia waya huo huo kwenye tundu jingine la swichi (kisanduku kinachounganisha waya za mtandao za ofisi), kisha jaribu waya mwingine. Uangalie vizuri ule ulimi mdogo wa plastiki wa plagi ya RJ45. Ukivunjika, plagi hukaa kama imeshika, lakini siku mashine inaposukumwa kidogo ili karatasi iliyokwama itolewe, plagi inarudi nyuma milimita mbili na mtandao unakatika. Kwa macho ya haraka, waya bado umechomekwa.

Taa zikiwaka, soma anwani ya IP (namba inayoitambulisha mashine mtandaoni) kwenye mipangilio ya mashine. Ukikuta 0.0.0.0, haina anwani kabisa. Ukikuta namba inayoanza na 169.254, mashine iliomba anwani kwa DHCP (utaratibu wa ruta kugawa anwani), haikujibiwa, ikajipa yenyewe. Kompyuta zenu zikiwa kwenye 192.168.1, hazitaiona. Hapo shida haiko kwenye mashine: huenda ruta imemaliza anwani za kugawa, au tundu la swichi limewekwa kwenye VLAN nyingine, yaani sehemu nyingine ya mtandao iliyotengwa.

Anwani ikiwa sawa, hakiki lango la mtandao (anwani ya ruta inayopitisha mawasiliano kwenda nje) na DNS (inayogeuza majina ya seva kuwa anwani). Zikikosewa, dalili yake ni ya pekee: kuprinti kunakwenda, skani ya folda ya kompyuta ya hapo hapo inakwenda, ila barua pepe haitoki. Kinachobaki ndani ya ofisi hakihitaji lango, kinachotoka nje lazima kilipitie.

Kuna na ile hitilafu ya kuja na kuondoka: asubuhi inaprinti, mchana haionekani, jioni imerudi. Shuku vifaa viwili vyenye anwani moja. Chomoa waya wa mashine, subiri dakika moja, kisha kwenye kompyuta piga ping (amri ya kuuliza kama kifaa kipo) kwenye anwani yake. Ikijibu ilhali mashine haina waya, umeshampata mwizi. Amri ya arp -a itakuonyesha anwani ya MAC ya kifaa hicho, yaani namba ya utambulisho ya kifaa chenyewe. Dawa ni kuiwekea mashine anwani ya kudumu kwenye ruta kwa kutumia MAC yake, au kuipa anwani iliyo nje ya zile zinazogawiwa. Ruta ikigawa kuanzia 192.168.1.100 hadi 192.168.1.200, ipe 192.168.1.20, baada ya kuhakikisha haina mwenyewe.

Kuprinti peke yake kukigoma, mara nyingi anwani ya mashine imebadilika na kompyuta bado zinaita ya zamani. Kwenye Windows, napendelea poti (mlango wa mawasiliano) ya kawaida ya TCP/IP, namba 9100, kuliko ile ya WSD, ambayo hujitafutia mashine yenyewe na kuna siku haiipati. Na ikitokea ping inajibu lakini Windows inang'ang'ania kuandika "Offline", fungua mipangilio ya poti hiyo uondoe tiki kwenye "SNMP Status Enabled". Windows huiuliza mashine hali yake kwa SNMP (lugha ya kuulizia hali ya vifaa vya mtandao), poti ya UDP 161. Mashine iliyozimiwa SNMP haijibu, na Windows inauchukulia ukimya huo kuwa mashine haipo.

Skani ya folda ndiyo yenye visa vingi. Inatumia SMB (utaratibu wa Windows wa kushirikishana folda mtandaoni), poti 445, na kabla hujagusa mashine, nenda kwenye kompyuta nyingine ufungue folda hiyo kwa anwani, mfano \\192.168.1.35\skani, ukitumia jina na nenosiri lile lile lililo ndani ya mashine. Ikikataa hapo, mashine haina kosa. Sababu ya kwanza ni nenosiri lililobadilishwa. Ya pili ni PIN: namba anayofungulia mtu kompyuta yake si nenosiri, na haifanyi kazi kupitia mtandao. Ya tatu ni Windows kuuhesabu mtandao wa ofisi kuwa wa hadharani, na hapo faiawoli (ukuta wa ulinzi wa kompyuta) inaziba. Fungua akaunti ya ndani ya kompyuta kwa ajili ya skani tu, ipe ruhusa ya kuandika kwenye kushirikisha (Sharing) na kwenye usalama (Security) wa folda pia. Watu wengi huweka moja, wakasahau ya pili.

Kompyuta nyingine ikifungua folda vizuri lakini mashine inashindwa, fikiria toleo la SMB. Tangu toleo la 1709 la Windows 10, mwaka 2017, SMB1, yaani toleo la kwanza, haiwekwi tena kwenye usakinishaji mpya, na mashine kuukuu hazijui nyingine. Tafadhali usiirudishe SMB1. Kirusi cha WannaCry kilisambaa Mei 2017 kwa kupitia udhaifu wake. Sasisha programu ya ndani ya mashine, na kama hakuna sasisho, hamia kwenye skani ya barua pepe. Windows 11 toleo la 24H2 nayo imeongeza sharti la SMB kutiwa saini ya kidijitali, kwa hiyo folda iliyokuwa ikipokea jana inaweza kukataa mara tu kompyuta inaposasishwa.

Barua pepe: poti 587 huanza bila usimbaji (kuficha ujumbe njiani) kisha hupanda kwa STARTTLS, amri ya kuanzisha usimbaji, 465 husimba tangu mwanzo. Ukizichanganya, muunganisho unakatika. Kwa Gmail, washa uthibitishaji wa hatua mbili, kisha tengeneza nenosiri la programu lenye herufi 16. La kawaida halipokelewi. Angalia na saa ya mashine. Ikirudi miaka nyuma baada ya kukaa bila umeme, itaviona vyeti vya seva (vitambulisho vyake vya kidijitali) kuwa bado havijaanza kutumika, na itavikataa.

Ikiwa ukurasa mmoja unafika na kurasa 40 hazifiki, mipangilio yako ni mizima. Ni ukubwa. Gmail inaruhusu MB 25, na faili huvimba kwa takriban theluthi moja linapofungwa kama kiambatisho, hivyo skani ya MB 20 tayari imevuka. Shusha kutoka dpi (nukta kwa inchi) 600 ya rangi hadi dpi 300 au 200 nyeusi na nyeupe, utume tena.