Barafu ya mbali na kibali chako cha kujenga ufuoni

Tangu ofisi yetu ianze kutaja kupanda kwa bahari katika barua za kurudisha maombi ya ujenzi ufuoni, malalamiko yameongezeka, na mengi yanafanana. Katika kikao cha karibuni hapa Amu (Lamu) mzee mmoja aliinua barua yake akauliza, kwa adabu kabisa, barafu ya huko kusikokaa watu amekosana nayo wapi hata azuiwe kujenga banda la kuwekea mashua. Ukumbi ulicheka. Swali lilikuwa la haki na siku ile hatukulijibu vizuri, kwa hivyo nalijibu hapa.

Wengi hudhani barafu inayeyushwa na jua na hewa tu. Kwa barafu ya Mlima Kenya na Kilimanjaro dhana hiyo haiko mbali na ukweli: iko juu mlimani, bahari haiigusi, na yote kwa pamoja ni kidogo mno kuweza kuongeza maji ufuoni kwetu. Lakini Greenland na Antaktika kuna mito ya barafu, yaani barafu nzito inayoteremka polepole kutoka bara hadi ikaingia baharini. Huko kinachoila zaidi mara nyingi ni maji yaliyo chini yake.

Tulilionyesha hilo gatini mbele ya wachuuzi wa samaki. Vipande viwili vya barafu vya ukubwa mmoja, kimoja kwenye sinia kivulini, kingine ndani ya ndoo ya maji ya bahari. Cha ndoo kilikwisha zamani, cha sinia bado kinavuja tone moja moja. Kijana mmoja akatia kipande cha tatu akakoroga kwa mkono. Hicho hatukuwahi hata kukihesabia dakika. Sababu ni kwamba maji hubeba joto jingi kuliko hewa. Kupandisha ndoo ya maji nyuzi moja kunahitaji joto zaidi ya mara 3,000 ya lile la kupandisha ndoo hiyo hiyo ikiwa na hewa. Na katika joto la ziada ambalo binadamu ameiongezea dunia, zaidi ya asilimia 90 limeingia baharini.

Ninaposema maji ya joto, msinielewe vibaya. Maji yanayoila barafu ya Antaktika yana nyuzi moja au mbili tu juu ya sufuri, na mtu wa Amu akitia mguu humo atapiga ukelele. Ila maji ya bahari huganda kwenye nyuzi 1.9 hivi chini ya sufuri, na kadiri unavyozama, mgandamizo unaifanya barafu iyeyuke hata kwenye baridi kali zaidi. Kwa barafu iliyo chini huko, maji ya nyuzi moja ni moto. Isitoshe, kule maji ya joto hayakai juu. Yana chumvi nyingi, ni mazito, hukaa chini ya maji baridi yasiyo na chumvi nyingi. Mtu anaangalia picha ya bahari iliyoganda juu anasema kuko salama, kumbe kunaliwa kwa chini.

Manahodha wataelewa hili kuliko maprofesa. Jahazi lililopwelewa juu ya fungu halisogei, hata mkilisukuma watu ishirini. Maji yakianza kuingia chini ya mkuku, mtoto analitikisa. Mito mikubwa ya barafu nayo imepwelewa: imekalia mwamba ulio chini ya usawa wa bahari, na uzito wake ukisuguana na mwamba ndio unaoizuia. Maji ya joto yakiila pale inapoachana na mwamba, yanapenya ndani zaidi, sehemu iliyokuwa imekaa inaelea, na barafu ya nyuma yake inaongeza mwendo kuelekea baharini. Mto wa Thwaites, magharibi ya Antaktika, una upana wa kilomita 120 hivi, na mwamba wake unazidi kushuka kina kadiri unavyoingia bara. Ukiisha wote, bahari ya dunia nzima itapanda sentimita 65 hivi. Sisemi utaisha kesho. Ni jambo la vizazi, na anayekutajia mwaka kamili anakudanganya.

Hapo ndipo huletewa hoja ya gilasi: barafu ikiyeyuka ndani ya gilasi ya sharubati, kinywaji hakimwagiki. Kweli. Barafu inayoelea imeshachukua nafasi yake majini. Lakini ile inayoelea ni kizibo cha ile iliyo bara, ambayo bado haijaingia kwenye gilasi. Mwaka 2002 bamba la barafu inayoelea liitwalo Larsen B, huko Antaktika, kilomita za mraba zipatazo 3,250, lilivunjika kwa muda wa mwezi mmoja na kidogo. Lile zaidi lilivunjwa na joto la juu, nakubali, si la chini. Lakini mito ya barafu iliyokuwa nyuma yake ilianza kukimbia, mingine hadi mara nane ya mwendo wa awali. Nimeieleza hoja ya gilasi mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka, na ningeshukuru tukiipumzisha.

Na ushahidi kwamba ni bahari inayofungua na kufunga? Tazama mto wa Jakobshavn, Greenland. Maji ya joto yaliingia katika ghuba iliyo mbele yake mwaka 1997. Ulimi wake uliokuwa ukielea ukavunjika, na mwendo wa barafu ukakaribia kuwa maradufu. Kisha karibu na mwaka 2016 maji yale yakapoa, na mto ukapunguza mwendo, hata ukanenepa mbele. Maji yalipobadilika, barafu ilifuata.

Sasa jibu la mzee wetu, kwa nini sisi. Barafu ya Greenland ni nzito kiasi kwamba inaivuta bahari iliyo karibu nayo. Ikipungua, mvuto unapungua, na maji yale yanaachiwa yaende mbali. Karibu na Greenland kwenyewe bahari hushuka. Huku kwenye ikweta tunapata zaidi ya wastani wa dunia. Waliopakana na barafu wanapunguziwa maji, sisi ambao hatujawahi kuiona tunaongezewa. Haki haimo katika fizikia.

Wastani wa dunia ulipanda sentimita 20 kati ya 1901 na 2018, na kati ya 2006 na 2018 ulikuwa ukipanda milimita 3.7 kwa mwaka. Zaidi ya theluthi moja ya hizo si barafu hata kidogo. Ni maji yenyewe kutanuka kwa joto. Wapo wanaonionyesha milimita tatu kwa kucha na kucheka. Bahari haikuletei milimita peke yake. Inazipandisha juu ya bamvua, yaani maji makuu ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, na juu ya bamvua inapandisha mawimbi ya kusi. Na visima navyo vinahusika: maji matamu ya matuta ya mchanga ya Shela, kisiwani kwetu, yanaelea juu ya maji ya chumvi, na chumvi hiyo inapanda pamoja na bahari. Ndiyo maana mchanga wa matuta yale, unaoshika maji hayo matamu, si wa kuchotwa kwa ujenzi.

Wenzetu wa Malindi hudai kwamba kwao bahari inarudi nyuma, kwani hoteli zilizojengwa mbele ya maji sasa zina ufuo mpana. Ule ni mchanga na udongo wa mto Sabaki unaojaza ghuba. Mto unaleta, bahari inapanda, na mto ukipungukiwa na udongo utaona nani alikuwa mgeni.

Nije kwenye utaratibu, maana makosa mengi yako hapa. Kanuni za upimaji zinataka ardhi ya umma ya ufuoni inapopimwa ili igawiwe, kwa kawaida uachwe ukanda usiopungua mita 60 juu ya alama ya maji kujaa. Alama hiyo haipimwi siku ya maji mafu, yale yasiyopanda sana. Tumeletewa mchoro safi, mita 60 sawasawa, ila kipimo kilianzia kwenye mwani uliokauka ulioachwa na maji mafu. Bamvua lililofuata likapita kigingi cha kwanza na kuacha ganda la dafu juu yake. Pima siku moja au mbili baada ya mwezi mwandamo au mwezi mpevu, na mpimaji awe na leseni. Mwenye hati ya zamani asidhani yeye hahusiki: ripoti ya mazingira inaandaliwa na mtaalamu aliyesajiliwa na NEMA, mamlaka ya mazingira, si na fundi wako, na kazi haianzi kabla ya leseni kutoka. Kuanza kwa msingi tu bado ni kuanza.

Mikoko ni jambo la pekee. Ilitangazwa msitu wa serikali tangu 1932, hata ile iliyo mbele ya shamba la babu yako. Kukata bila leseni ya Shirika la Misitu, uwe umekata korja nzima ya boriti au fito chache za uzio, adhabu haipungui shilingi 100,000 au kifungo cha miezi sita, au vyote viwili. Leseni ya kukata pia si kibali cha kusafirisha. Ni karatasi mbili, na zote ziwemo chomboni. Kuziacha nyumbani si udhuru, na tumeusikia.

Mzee wa banda amesharudi na mchoro mpya. Banda limesogea nyuma ya mikoko, sakafu imeinuliwa, na faili inasubiri ripoti ya mtaalamu. Aliuliza pia kama tunaweza kumtazamia kisima chake kilichoanza kuonja chumvi. Hilo ni la ofisi ya maji, mlango wa pili.