"Gari ni Tupu, Daktari"

Wiki jana nimeisikia tena, mara 3 kabla ya saa nne asubuhi: "Daktari, gari ni tupu. Kwani unaona ng'ombe hapa?" Sioni ng'ombe. Naona samadi mbichi imeshindiliwa kwenye nyufa za mbao, nyasi za kutandika zimelowa mkojo, na utingo amevaa gambuti zilizotoka sokoni sasa hivi. Aliyekosekana ni ng'ombe tu.

Mimi ni daktari wa mifugo, na nimesimama kwenye vizuizi vya karantini ya ugonjwa wa miguu na midomo miaka ya kutosha, sana sana huku Kenya, barabara ya Nakuru kwenda Marigat na ile ya kupanda Molo, na bado wenye malori wanaamini tunatafuta ng'ombe mgonjwa. Mgonjwa hatafutwi. Anadondokwa mate, anachechemea, hata mtoto wa chekechea atakuonyesha. Ninayemhofia ni yule anayeonekana mzima leo, kumbe virusi vimo kwenye maziwa na pumzi yake siku kadhaa kabla ya lengelenge la kwanza kutokea. Yeye, na gari lililombeba.

Lori lenye mifugo lina kibali. Najua limetoka wapi na linaelekea kichinjio gani, na nikitaka nitamfungua fahali mdomo nitazame ulimi. Lori tupu halina karatasi yoyote. Limeshusha sokoni alfajiri, sasa linamfuata mkulima wa Rongai, halafu wa Njoro, halafu Elburgon. Ng'ombe mgonjwa atalala boma lake. Lori chafu litaingia maboma matatu kabla dereva hajala chakula cha mchana.

(Usiniambie umechanja. Hapa kwetu zinazunguka aina nne za virusi hivi, O, A, SAT 1 na SAT 2, na chanjo ya aina moja haizuii nyingine.)

Sasa ile inayonipandisha presha: "Nipulizie dawa niende." Virusi hivi havistahimili asidi wala magadi, pH (kipimo cha asidi na magadi) ikishuka chini ya 6 au ikipanda juu ya 9 vinakufa. Ndiyo maana tunatumia magadi ya kiwandani, kilo 4 kwa lita 100 za maji. Si ile ya kulainishia mrenda, mama, hiyo haina kipimo. Lakini ukipuliza juu ya samadi, umelowesha ngozi ya samadi tu. Ndani virusi vimejifunika. Kwanza kwangua. Kisha brashi, maji na sabuni, mpaka mbao zionekane rangi yake. Hapo ndipo dawa inaingia, na ikiingia iachwe dakika 10. Dakika hizo 10 dereva huzitafsiri kwamba nasubiri kitu kidogo.

Na lile gunia la maranda lililoloweshwa dawa, linalotandazwa katikati ya lami? Gurudumu linalipita kwa kufumba na kufumbua, na ikifika saa sita limekuwa tope. Kazi yake kubwa ni kuwatangazia watu kwamba kuna ugonjwa. Nasema hivi na mimi mwenyewe nimeyaagiza.

Mahali pa kizuizi sitaandika mengi, askari wa trafiki wanajua: si kwenye mteremko kama wa Salgaa, pawe na nafasi pembeni, na maji ya kuoshea yasiteremkie malisho wala mto. Wenye mifugo na wasio nayo wasipange foleni moja. Hili la mwisho linanikosesha usingizi. Malori 12 yakisubiri pua kwa mkia, ng'ombe wakipumuliana, nimezuia soko huko nyuma nikafungua jingine barabarani.

Tena nikikaza sana, watu wanashusha mifugo na kuiswaga usiku kwa njia za panya. Ng'ombe anayetembea hunywa kila mto na kugusa kila kundi njiani. Ndani ya lori asingegusa mtu. Na kizuizi kikichelewa? Uingereza mwaka 2001, ugonjwa ulithibitishwa kichinjioni tarehe 20 Februari, na usafirishaji ukasimamishwa tarehe 23. Kondoo walikuwa wameshapitia minada na kutawanyika. Waliochinjwa walipita milioni 6. Sisi ambao ugonjwa huu haujawahi kutuondoka, kuna siku najiuliza kizuizi changu kinazuia nini hasa. Siku nyingine jibu ninalo: kwenye baridi na matope ya Molo virusi vinadumu sana kuliko kwenye jua la Marigat, kwa hiyo lori linaloshuka kutoka Molo nalikazia. Wenye malori ya Molo huita huo ukabila.

Mmoja wao ndiye aliyeninyamazisha. Alikwangua lori lake lote kwa jasho, akamaliza, akaelekeza brashi kwenye gari letu la kazi: "Na hili, Daktari, limeoshewa wapi?" Asubuhi ile nilikuwa nimetoka maboma mawili. Buti nilikuwa nimeosha. Mkeka wa chini ya klachi, la. Akanishikia mpira wa maji, huku akihesabu dakika 10 kwa sauti.