Hakushika Kisu, Lakini Ana Kesi ya Mauaji

"Wakili, msichana wetu hakumgusa mtu. Ni huyo kijana wake." Wazazi huniambia haya hata kabla hawajaketi, na nimeyasikia mno. Wanaamini kwamba maadamu kijana ndiye aliyedunga, binti yao atakuwa shahidi tu, au ikiharibika sana atafungwa miaka miwili mitatu. Sivyo.

Sheria ya Kenya haiishii kwa aliyeshika kisu. Kifungu cha 21 cha Kanuni ya Adhabu kinasema kwamba watu wawili au zaidi wakiwa na nia ya pamoja ya kutekeleza jambo lisilo halali, na katika kulitekeleza likatendeka kosa ambalo lingeweza kutarajiwa kutokana nalo, kila mmoja wao huhesabiwa kuwa amelitenda. Someni vizuri hapo kwenye "jambo lisilo halali". Si lazima wawe walipanga kuua. Tuseme wawili wamekubaliana kumpora mtu pesa alizoweka nyumbani. Msichana anabisha afunguliwe kwa sababu anafahamika, kijana anajipenyeza na panga, mwenye nyumba anapiga mayowe, anakatwa, anakufa. Msichana hakuvuka mlango. Bado anaweza kutiwa hatiani kwa mauaji chini ya kifungu cha 203, sawa na aliyeshika panga.

"Lakini hawakuwahi kukaa wakapanga." Jamani, hakuna mwendesha mashtaka anayetafuta kumbukumbu za kikao! Tangu rufaa ya Wanjiro ya mwaka 1955, mahakama zetu zimeshikilia kwamba nia ya pamoja inaweza kuzaliwa papo hapo, tukio likiendelea, hata kama haikuwepo mwanzoni. Jaji huisoma kwenye mwenendo. Alifanya nini wakati marehemu anapigwa? Alijaribu kuzuia, alikimbia, au alibaki akishika tochi? Aliondoka na nani? Simu ya marehemu ilipatikana kwa nani? Ndiyo sababu maswali yangu mengi huwa ni juu ya yaliyotokea baada ya kifo, na familia huninunia wakidhani nimeshamhukumu mtoto wao.

Upande wa pili nao una kosa lake, na polisi hulifanya pia: kudhani kwamba mpenzi wa muuaji ni muuaji. Mapenzi si ushahidi. Hata kuwepo tu mahali pa tukio, bila kushiriki wala kuhimiza, hakutoshi. Katika kesi ya mauaji ya Monica Kimani, aliyeuawa Nairobi Septemba 2018, Joseph Irungu alishtakiwa pamoja na aliyekuwa mchumba wake, mwanahabari Jacque Maribe. Februari 2024 Mahakama Kuu ilimpata Irungu na hatia, na mwezi uliofuata ikamhukumu kifo. Maribe aliachiliwa, kwa kuwa ushahidi haukumfikisha kwenye mauaji yenyewe. Jaji alisema shtaka lililomfaa lilikuwa la kuwapa polisi habari za uongo. Tangu siku hiyo naambiwa kwamba "wasichana huachiliwa". Kilichomtoa ni upungufu wa ushahidi, wala si gauni.

"Alifua tu nguo zenye damu." Huko ni kumsaidia mhalifu baada ya tendo, na likiwa ni mauaji, kifungu cha 222 kinafika hadi kifungo cha maisha. Cha ajabu ni kwamba sheria yetu humkinga mke anayemsaidia mumewe kukwepa adhabu. Mpenzi hana kinga hiyo.

"Alimtisha." Kifungu cha 16 kinataka tishio la kuuawa au kujeruhiwa vibaya papo hapo, lililodumu muda wote wa tendo. "Ukiniacha utaona" halitoshi, kwa maana vitisho vya baadaye havimwokoi mtu. Hata mke wa ndoa hawezi kutumia utetezi wa kushurutishwa na mumewe kwenye kesi ya mauaji.

Kuhusu kunyongwa: tangu uamuzi wa Mahakama ya Juu katika kesi ya Muruatetu, Desemba 2017, hukumu ya kifo kwa mauaji si ya lazima tena, jaji anaweza kutoa kifungo badala yake. Na Kenya haijamnyonga mtu tangu 1987. Basi tuache kulia kabla ya kesi kuanza.

Linalonikera zaidi ni hili: "Kijana ameahidi kubeba lawama zote, kwa hiyo tutatumia wakili mmoja." Ahadi za rumande huisha siku mashahidi wanapoanza kuitwa, na hapo ndipo kijana hukumbuka kwamba wazo lilikuwa la msichana. Na akikiri mmoja ipasavyo kisheria, mahakama inaweza kulizingatia ungamo hilo dhidi ya mwenzake waliyeshtakiwa pamoja. Wakili mmoja hawezi kumtetea binti yenu kwa kumhoji vikali mteja wake mwingine. Msiniambie hakuna pesa. Kwenye kesi ya mauaji, mshtakiwa asiyejiweza hupewa wakili kwa gharama ya serikali, na kila mmoja anaweza kuombewa wake. Asiandikishe taarifa yoyote kituoni kabla wakili huyo hajafika. Na zile barua za mapenzi anazomwandikia kijana kutoka rumande zikome leo, kwa sababu askari jela huzisoma.