Mtoto Ameungua: Tunapima Nini, na Kwa Nini Tunakuomba Usimpake Kitu

Hospitalini mkisema mtoto ameungua asilimia 15, mna maana gani?

Kwamba ukichukua ngozi yake yote, utosini hadi unyayoni, ukaigawa mafungu 100, mafungu 15 yameungua. Namba hiyo ndiyo inayotuambia kama atawekewa dripu, na maji kiasi gani.

Mnaipataje?

Kwa macho na hesabu ya tisa-tisa. Mtu mzima: kichwa na shingo 9, kila mkono 9, kila mguu 18, kifua na tumbo 18, mgongo na makalio 18, sehemu za siri 1. Mtoto mchanga ana kichwa kikubwa na miguu mifupi, kwa hiyo kichwa chake ni 18 na kila mguu 14. Madoa yaliyotawanyika, kama ya chai iliyoruka huku na huku, tunayapima kwa kiganja cha mgonjwa mwenyewe pamoja na vidole vyake: kiganja kimoja ni kama asilimia 1. Ngozi iliyokuwa nyekundu tu, bila malengelenge, haihesabiwi.

Sasa dawa ya meno tuliyompaka nyumbani inawazuia nini?

Inazuia yote niliyoeleza hapo juu. Mtoto wa miaka miwili amevuta sufuria ya uji. Analetwa kifua kimepakwa dawa ya meno, juu yake unga wa ngano, juu yake tena manyoya ya sungura kutoka kwa jirani. Nitapima nini hapo? Sioni lengelenge linaishia wapi, wala sijui palipo pekundu tu na palipoungua hadi ndani. Manyoya yameshikana na majimaji ya kidonda; inabidi kuyaloweka na kuyatoa kidogo kidogo kwa kibanio, mtoto analia mpaka sauti inakauka, mama ametoka nje kwa sababu hawezi kutazama. Mateso haya ya pili hayakuletwa na uji.

Lakini mimi nilipakwa yai utotoni nikapona.

Huenda kidonda chako kilikuwa kidogo na kingepona hata bila yai. Yai bichi linaweza kuwa na vijidudu. Usipake yai. Usipake mafuta ya kula, majivu, tope wala mkojo. Usipake asali pia. Hospitalini inaweza kutumika, lakini ni ile iliyosafishwa kitaalamu, na baada ya kupima.

Basi nifanye nini?

Maji. Ya kawaida, safi, yanayotiririka juu ya jeraha kwa dakika 20. Kama hakuna bomba, mimina kwa kopo kutoka kwenye ndoo. Barafu hapana. Hata zikiwa zimepita saa mbili, mwagia tu. Hadi saa 3 tangu aungue bado yanasaidia. Vua nguo na bangili, ila nguo iliyonata iache. Malengelenge usiyapasue. Mwili uliobaki ufunike asipate baridi, jeraha lifunike kwa kanga safi, kisha njoo. Ndiyo, bila kupaka kitu.

Anacheza na amekunywa chai. Siwezi kusubiri asubuhi?

Hapana. Hili la kusubiri asubuhi ndilo linalotuumiza kichwa zaidi. Saa za mwanzo mtoto huonekana mzima, huku maji ya damu yanavuja kupitia jeraha. Baadaye mikono inapoa, mkojo unapungua, anasinzia, na figo zinaanza kukosa damu.

Tazama hesabu. Kwa kanuni ya Parkland, yaani hesabu ya dripu ya aliyeungua (mililita 4 kwa kila kilo na kila asilimia), mtoto wa kilo 12 aliyeungua asilimia 15 anahitaji mililita 4 × 12 × 15, yaani 720 kwa saa 24, mbali na maji yake ya kila siku. Nusu, 360, ziingie ndani ya saa 8 za kwanza. Na saa hizo tunazihesabu tangu alipoungua, si tangu mlipofika mapokezi. Ukija saa ya sita, umetuachia mbili. Ukija kesho, hujatuachia hata moja.

Kidonda hakimuumi. Si dalili nzuri?

Inaweza kuwa mbaya kuliko zote. Moto ukiingia ndani sana unaunguza hata mishipa ya fahamu. Ngozi nyeupe au ngumu kama ya kiatu, isiyouma, mlete sasa hivi.

Ni nani hasa lazima aletwe?

Mtoto aliyeungua asilimia 10 au zaidi na mtu mzima wa 15 au zaidi kwa kawaida wanahitaji dripu. Lakini usikae nyumbani unapiga hesabu. Uso, viganja, nyayo, viungo kama goti na kiwiko, sehemu za siri, umeme, moshi aliouvuta ndani ya nyumba: mlete hata kama jeraha ni dogo. Mtoto mdogo mwenye malengelenge, mlete. Na tukikuuliza aliungua saa ngapi, "asubuhi" haitoshi. Tunataka saa yenyewe.