Kabla ya kuagiza samaki, uliza upepo na mwezi

Nilitoka Mombasa kuja Dar es Salaam kwa kazi ya ukaguzi wa ubora wa samaki, na kilichoniondolea ugeni upesi ni bahari. Pepo za msimu, kaskazi na kusi, ni zilezile, maji hujaa na kupwa karibu saa zilezile. Kalenda niliyolelewa nayo inanifaa vilevile Kunduchi, kwenye mgahawa wa ufukweni ninaoupenda kuliko yote hapa mjini.

Jamaa zangu wakija kunitembelea huikimbilia menyu. Mimi humwuliza kwanza mhudumu: "Dada, leo kimeingia nini?" Menyu iliandikwa mwaka jana, samaki wamevuliwa usiku wa kuamkia leo.

Kusi inapokaza, hasa Juni na Julai, ngalawa na mitumbwi hukaa zaidi ndani ya miamba. Wakati huo naagiza changu au tasi, akaangwe mzima, na ugali na kachumbari. Kaskazi, kuanzia Desemba hivi hadi Machi, bahari hutulia na vyombo hufika mbali, ndipo nguru na jodari huwa na maana zaidi mezani.

Mwezi nao una lake. Bamvua, yaani maji kujaa na kupwa kupita kawaida, huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu. Hapa Dar tofauti ya maji kujaa na kupwa hupita mita 3. Miamba huachwa wazi, na watu hushuka kwa miguu kuchokoa pweza mashimoni. Dagaa ni kinyume chake: huvuliwa kwa taa, na mbalamwezi ikishawaka, taa ya mvuvi haiwakusanyi tena. Kwa hiyo usiku wa mwezi mpevu naomba pweza wa nazi, dagaa nawaachia siku za giza.

Kuna jambo moja ningependa kila mla samaki alijue. Jodari, nguru na vibua wana kiasi kikubwa cha histidini, kijenzi kimoja cha protini, kwenye nyama yao. Samaki akikaa juani chomboni au kwenye beseni lisilo na barafu, bakteria huigeuza histidini hiyo kuwa histamini, kemikali inayoleta dalili kama za mzio. Ikishajengeka, moto hauiondoi: uchome, ukaange, uchemshe, ipo palepale. Wala kumrudisha samaki kwenye barafu jioni hakufuti yaliyotokea mchana. Mlaji huhisi uso kuwaka, kichwa kugonga, mwili kuwasha, pengine dakika chache tu baada ya kula, naye huamini kwamba ana mzio wa samaki. Wengi huacha jodari maisha yao yote kwa sababu hiyo, na inanisikitisha sana, kwani tatizo lilikuwa barafu. Ukionja jodari akakuchoma ulimi kama pilipili na hakutiwa pilipili, weka kijiko chini. Ukishindwa kupumua vizuri, nenda hospitali mara moja.

Ndiyo maana pale Kunduchi huomba niletewe samaki nimwone kabla hajaingia jikoni. Hakuna anayekasirika, mpishi, mama wa makamo ambaye hununua mwenyewe alfajiri, hufurahi kuulizwa. Natazama macho yawe yamejaa na kung'aa, nafunua mashavu nione wekundu, nabonyeza nyama irudi. Akishakatwa vipande alama hizo karibu zote hupotea, kwa hiyo nguru wa vipande namla tu mahali ambapo nimekwisha kuiona barafu yao.

Aliyegandishwa usimdharau. Samaki aliyegandishwa haraka akiwa bado mbichi ni salama kuliko "wa leo" aliyeshinda juani. Pweza ndiye hufaidika zaidi: barafu huvunja nyuzi za nyama yake, akaiva laini bila kupigwapigwa sana. Mpishi wetu huwagandisha wa bamvua makusudi, na ukienda wiki inayofuata, uliza kama wamebaki.