Waja leo, waondoka leo: saa za kisiwani zinavyohesabiwa

Juzi kuna kijana kaniandikia kutoka Dodoma. "Kaka, tuko kumi na wawili. Tunasafiri Ijumaa usiku, Jumamosi hapo kwenu Tanga tunataka visiwa vya Toten na Maziwe, mapango ya Amboni na magofu ya Tongoni, jioni tunageuza. Utatufanyia bei gani?"

Nikamjibu kwa swali: siku hiyo itakuwa mwezi ngapi?

"Mwezi wa kumi, kaka. Oktoba."

Nikajua hatujaelewana. Mimi nilikuwa naulizia mwezi ulioko juu, utakuwa na siku ngapi tangu uandame.

Nimeona niandike hapa, maana swali lake naulizwa kila wiki, na jibu lake ni refu kuliko meseji. Kazi ya kutembeza wageni sikuanzia Tanga kwetu, nilianzia Unguja. Misimu mitatu nilikuwa nasimama bandarini Malindi nikisubiri watu wa meli kubwa za matembezi, zile zinazofika alfajiri kama ghorofa limeota baharini usiku, na magharibi halipo. Abiria wake wana siku moja tu. Sisi huku tuna msemo wetu wa mjini, waja leo waondoka leo, lakini hao ndio waja leo wenyewe. Kule ndiko nilikofundishwa kuhesabu saa kwa kurudi nyuma.

Karatasi ya meli inasema: tunakaa hapa kwa muda wa saa tisa. Abiria anafurahi, anapanga mambo ya saa tisa. Sasa anza kukata. Meli ikifika watu hawashuki hapo hapo: kuna ukaguzi wa karatasi, kuna foleni ya ngazi. Kama gati limejaa na meli imetia nanga nje, watu wanaletwa pwani kwa boti ndogo, na foleni hiyo utaila mara mbili, kushuka na kupanda. Mwishoni tena, saa ya meli kung'oa nanga siyo saa ya abiria kurudi. Yeye anatakiwa awe ndani nusu saa kabla, mara nyingine saa nzima. Ukimaliza kukata umebaki na saa tano au sita. Akija mtu anakwambia anataka Nungwi, ncha ya kaskazini ya kisiwa, barabara peke yake imekula saa tatu kwenda na kurudi, bila msongamano. Ataogelea dakika arobaini, chupi haijakauka anaitwa garini.

Kwa hiyo mtu wa meli nilikuwa nampa kitu kimoja. Mji Mkongwe kwa miguu, polepole, mpaka ajue uchochoro mmoja vizuri. Au kisiwa cha Changuu, boti nusu saa hivi kutoka mjini, akaone kobe wakubwa wenye asili ya Aldabra kule Shelisheli na aogelee. Au shamba la viungo. Wengi walinuna asubuhi. Jioni hakunirudia hata mmoja kulalamika kwamba ameona machache.

Kuna na balaa la saa yenyewe. Meli nyingine hutembea na saa yake, haibadilishi kila inapofika nchi mpya, kwa hiyo saa ya ukutani bandarini na saa ya melini hupishana. Sisi nasi tuna saa zetu za Kiswahili. Mzee mmoja Mjerumani, aliyejifunza Kiswahili kwa kitabu na akajivunia sana, nilimwambia kwa ulimi wangu mwenyewe, "Saa tisa hapa hapa kwenye mti." Akaitikia vizuri kabisa: "Saa tisa." Saa tisa alasiri hayupo. Nimemkuta kwenye baraza Shangani anakunywa kahawa na wacheza bao, ametulia: tisa yake ni ya Kizungu, saa tatu yetu ya usiku, kwa hiyo kwake yeye zimebaki saa sita. Tulikimbia. Tangu siku ile saa ya kurudi naiandika kwa kalamu kwenye kiganja cha mgeni, kwa tarakimu za saa yake.

Na msidhani meli itasubiri. Ukienda matembezi yaliyopangwa na meli yenyewe, mkichelewa mmechelewa pamoja nayo, kwa kawaida itawangoja. Ukienda na mtu wako uliyempata mwenyewe, basi ni wewe na Mungu wako. Machi 2024 abiria wanane wa meli moja kubwa waliachwa kisiwani São Tomé kwa sababu walichelewa kurudi kutoka matembezi yao binafsi. Waliikimbiza meli nchi kwa nchi. Walipotaka kuidaka Gambia, meli haikuweza kufunga kwa sababu ya hali ya kupwa na kujaa kwa maji, ikapita, wakaenda kuingojea Senegal. Wasomaji wengi walisoma habari ile wakaona ukatili wa nahodha. Mimi nilisoma sehemu ya maji.

Maana huku kwetu Tanga, kwa ninyi mnaokuja wikendi kwa basi au gari, hakuna meli ya kuwaacha. Ila yapo maji, nayo yana ratiba kali kuliko ya meli.

Ninyi wa bara nawaeleza kama nilivyoelezwa na mzee mmoja wa Sahare, aliyenipa kamba ya nanga kabla hajanipa jina lake. Maji yanapwa mara mbili na yanajaa mara mbili kwa siku, kila zamu saa sita na dakika kidogo. Kila siku yanachelewa kama dakika hamsini kuliko jana. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, ni bamvua: maji yanajaa sana na yanakauka sana, hapa kwetu tofauti inapita mita tatu. Katikati, mwezi ukiwa nusu, ni maji mafu, yanapanda kidogo na kushuka kidogo. Sasa lile ambalo kitabu hakiwaambii: katika pwani yetu bamvua lina saa zake. Siku za bamvua maji makavu yanaangukia saa nne, saa tano asubuhi, na yanajaa saa kumi, saa kumi na moja jioni. Siku za maji mafu ni kinyume, asubuhi ya saa nne yamejaa, jioni ya saa kumi yamepwa. Ukishajua mwezi ngapi, umeshajua saa ngapi. Ndiyo maana nauliza.

Tuanze na Maziwe, kwa sababu ndiyo inayoombwa na kila mtu na ndiyo iliyonitia aibu.

Maziwe iko baharini nje ya Pangani, kwa boti ya mashine ni chini ya saa moja kutoka Ushongo, ufukwe ulio kusini ya Pangani, bahari ikiwa na adabu. Picha mlizoziona ni za kweli: fungu la mchanga mweupe, maji ya rangi ya chupa, matumbawe pembeni. Picha haikuonyeshi kwamba fungu lile zamani lilikuwa kisiwa chenye mivinje. Miti ikakatwa, mizizi haikuwepo tena ya kushika mchanga, bahari ikala. Mwaka 1975 lilitangazwa kuwa hifadhi, na miaka ya themanini inaingia hapakuwa na mti hata mmoja. Kasa bado wanapanda kutaga pale kama mama zao, lakini maji ya bamvua yanafunika mchanga, kwa hiyo mayai huhamishwa na kuletwa ufukweni Ushongo, yanazikwa upya, na baada ya kama miezi miwili vinatoka vitoto. Ukibahatika kufika siku ya kutoka, acha Maziwe, kaa Ushongo utazame.

Kwa hiyo Maziwe ni kisiwa cha saa chache tu kwa siku. Siku za bamvua ondokeni pwani saa mbili asubuhi, mfike maji yanapwa, muogelee penye matumbawe wakati yametulia, saa saba mnafunga mizigo. Mimi mwaka wangu wa pili nilichukua familia moja ya Arusha, mwezi kumi na tano, bamvua kamili. Tulichelewa kwa sababu ya barafu. Shemeji mtu alikwenda kutafuta barafu ya soda Pangani mjini na akapotea saa nzima na nusu. Nami badala ya kusema safari imekufa, nikaona aibu, nikasema twendeni. Tulifika saa saba. Mchanga bado mkubwa, watu wakashangilia. Tukatandika mkeka, mama akafunua sufuria ya pilau. Kwenye saa nane na nusu nikaona mtoto mdogo anapigapiga mkeka kwa kiganja na kucheka, kila akipiga unatoa maji. Hakukuwa na wimbi. Maji yalikuwa yanakuja kutoka chini, kupitia mchangani, taratibu kabisa. Dakika kumi baadaye mama wa watu amejitwika sufuria kichwani, maji magotini, nahodha anavuta boti kwa kamba na ananitazama jicho ambalo nalikumbuka mpaka leo. Hakuna aliyeumia. Pilau tulilila ndani ya boti, limeingia chumvi.

Maziwe haina kivuli, haina choo, haina maji ya kunywa. Kofia, shuka la kujifunika, maji lita mbili kwa kila mtu. Jaketi la kujiokolea mvae tangu pwani, msilikalie. Ada ya hifadhi hulipwa kabla, mwambieni mtu wa boti awaonyeshe risiti. Na wale viumbe weusi wenye miiba mirefu walioko mwambani, usiwakanyage, wala matumbawe usisimame juu yake hata kama umechoka. Lala chali, maji ya chumvi yatakubeba.

Toten ni mtoto wa mama mwingine. Kipo ndani ya ghuba ya Tanga, unakiona ukiwa mjini, robo saa kwa boti. Jina walituachia Wajerumani, maana yake ni wafu, na kweli kuna makaburi, kuna na magofu ya misikiti ya wenyeji waliokaa pale kabla hawajahamia bara. Chenyewe kinataka maji yaliyojaa. Ukikiendea maji makavu mtashushwa mbali, mkanyage matope mpaka viatu vipoteze jina, na mkizubaa chombo kinapwelewa, mtakaa nacho kimelala ubavu kama ng'ombe mpaka maji yarudi. Saa mbili za Toten zinatosha, tena ukiwa na mtu anayejua kusoma kaburi. Watu hunidai pia niwaonyeshe silikanti, yule samaki wa kale aliyedhaniwa kuwa ametoweka mpaka mmoja akanaswa Afrika Kusini mwaka 1938, na ambaye hifadhi yetu ya bahari ya mwaka 2009 ina jina lake. Silikanti anakaa chini sana, zaidi ya mita mia. Wakimpata ni wavuvi wa jarife, nyavu kubwa za papa, kwa bahati mbaya yake. Msinilipe kwa ajili hiyo.

Tongoni hauhitaji boti, ni mwendo wa gari chini ya kilomita ishirini kusini mwa mji, msikiti uliobomoka na makaburi kama arobaini, mengi yakiwa ya nguzo, kando ya mikoko. Lakini hapo ndipo napenda kuwapeleka waliochelewa maji, kwa sababu ya kisa cha meli. Mwaka 1498 msafara wa Vasco da Gama ulipita hapa ukielekea Mombasa, na meli mojawapo, São Rafael, ikapanda mafungu ya Mtangata, jina la zamani la pwani hii, kabla ya mapambazuko. Ilikauka pale pale. Wenyeji wakaja na vyombo vyao na machungwa, na Wareno wenyewe waliandika kwamba yalikuwa bora kuliko ya kwao. Maji yakajaa, meli ikaelea, wakaenda. Ilikuwa saa za kupwa na kujaa tu, si zaidi. Mwaka uliofuata walirudi mahali hapo hapo mabaharia wengi wamekwisha kufa, hawatoshi kuendesha meli zote, wakaichoma São Rafael wenyewe. Nikiwasimulia wageni kisa hiki huwa nasimama upande wa kusini wa magofu, pale unapoiona bahari kati ya mikoko.

Sasa turudi kwa kijana wa Dodoma. Jumamosi yake nimeitazama, itakuwa mwezi ishirini na mbili. Maji mafu. Asubuhi saa nne yamejaa: hiyo ni Toten, tunapanda boti saa tatu. Saa sita tuko mjini, tunakula, na nimeshamwambia asiagize chipsi, kuna changu wa kupaka. Kusi, upepo wa kusini, litakuwa limeshalala, joto la mchana tutalipisha barazani. Saa tisa Tongoni, jua limelegea. Maziwe hapana: siku hiyo maji yatapwa jioni na safari ya kwenda Pangani na kurudi ni yapata kilomita mia, watageuza Dodoma wamechoka na hawajaona kitu. Nimempa tarehe mbili za bamvua mwezi unaofuata, akipenda alale Ushongo.

Wamekubali, wamelipa nusu. Isipokuwa mmoja wao, ambaye mpaka leo asubuhi ananiuliza kama mapango ya Amboni hayawezi kubanwa hapo katikati, kati ya changu na Tongoni.